Kibao kimoja mara tatu: jinsi mashine zilivyojifunza kutafsiri, na kwa nini mama unapaswa kujua



Wiki hizi mbili inbox yangu imejaa swali moja tu, limekuja kwa sura tofauti. Mmoja katumiwa dawa ya mafua ya mtoto na shemeji yake aliye nje. Mwingine kanunua maziwa ya kopo yenye maandishi asiyoyajua. Wote wamepitisha simu juu ya maandishi, simu imewapa Kiswahili, na sasa wananiuliza: "Nesi, nifuate?"

Jibu fupi: usimpe mtoto dawa kwa tafsiri ya simu peke yake. Jibu refu ni historia, na nimeamua kuiandika yote kwa sehemu saba. Chai yako weka pembeni. Ukimaliza utajua ile simu inapata wapi Kiswahili chake, nani aliifundisha, na ni wapi inabahatisha.

SEHEMU YA 1: GARI LINALOONGEA KIJAPANI

Tuanzie hapa hapa Mukendo. Magari mengi unayoyaona barabarani, kuanzia IST, Noah, Probox hadi Hiace za kwenda Bunda na Butiama, yalishatembea Japani kabla hayajatufikia. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko mahali tulipouzoea, na magari yao yaliyotumika yanatufaa bila kubadilishwa.

Ila yanakuja na lugha yao. Mengine dereva akiwasha tu, dada mmoja ndani ya gari anaongea kwa heshima zote. Abiria huwa wanacheka, wengine wanasema anatusalimia. Mara nyingi anachosema ni kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. ETC ni mfumo wa Japani wa kulipia barabara kuu bila kusimama getini. Yaani yule dada kila asubuhi anaidai kadi ya barabara ambayo gari halitapita tena maisha yake yote!

Sasa njoo kwenye redio. FM ya Japani kwa miaka mingi ilikaa kati ya masafa 76 na 90. Kwetu stesheni ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana gari likitoka bandarini linashika stesheni chache za chini, nyingine zote kimya, mpaka fundi afunge kifaa cha kushusha masafa. Na kuna redio za kioo ambazo ukichomoa betri tu zinajifunga, zinaanza kuandika Kijapani zikidai kadi ya ramani au namba ya siri.

Zamani hapo ulikuwa umekwama na unasikiliza ukimya. Siku hizi kijana anatoa simu, anaielekeza kwenye kioo, na maandishi yanageuka Kiingereza mbele ya macho yake. Google ndio walioweka uwezo huo kwa Kijapani, Januari 2017. Kwa redio ya gari ni jambo zuri sana. Simu ikikosea, hasara yake ni wimbo.

Tatizo ni kwamba simu ile ile, kwa mkono ule ule, tunaielekeza pia kwenye chupa ya dawa.

SEHEMU YA 2: WALIANZA NA MANENO 250

Watu wengi wanadhani mashine ya kutafsiri ni kitu cha juzi. Hapana. Tarehe 7 Januari 1954, huko New York, kampuni ya IBM na Chuo Kikuu cha Georgetown walionyesha waandishi wa habari mashine kubwa ikigeuza sentensi za Kirusi kuwa Kiingereza. Sentensi zilikuwa sitini na kitu, maneno yote inayoyajua 250, na kanuni za sarufi 6 tu. Magazeti yakashangilia, na watalaamu wakaahidi kwamba ndani ya miaka mitatu hadi mitano kazi itakuwa imekwisha.

Haikwisha. Mwaka 1966 kamati ya wataalamu Marekani ilitoa ripoti ikasema wazi kuwa mashine hazijamfikia mtu, na fedha za serikali zikapungua sana.

Wajapani hawakuacha. Fikiria nchi inayouza redio, magari na mashine za hospitali dunia nzima, na kila bidhaa inahitaji kitabu cha maelezo kwa lugha za watu wengine. Mwaka 1984 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Makoto Nagao, alichapisha wazo ambalo mama yeyote atalielewa. Alisema mtu hatafsiri kwa kuchambua sarufi kwanza. Anakumbuka mfano wa zamani, kisha anabadilisha sehemu moja.

Si ndivyo watoto wetu wanavyojifunza? Mtoto anasikia "nataka maji". Kesho anasema "nataka uji". Hakuna aliyemfundisha ngeli. Amechukua mfano, akatoa maji, akaweka uji.

Wazo hilo la mifano ndilo likashinda, kwa njia mbalimbali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu wa IBM walichukua mijadala ya bunge la Kanada, ambayo huandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, wakaiachia kompyuta ihesabu neno gani linaelekea kwenda na neno gani. Mwaka 2006 Google wakafungua huduma yao ya kutafsiri kwa njia hiyo hiyo ya kuhesabu. Mwaka 2016 wakaja na njia mpya inayoangalia sentensi nzima kwa pamoja badala ya vipande, na Kijapani kilikuwa katika kundi la kwanza la lugha zilizopata njia hiyo.

Shika neno moja hapa: MIFANO. Mashine haijui lugha kama unavyoijua wewe. Imekula mifano mingi, inakisia kinachofuata. Palipo na mifano mingi inakisia vizuri mpaka unashangaa. Pasipo na mifano inakisia vile vile, kwa sauti ile ile ya kujiamini.

SEHEMU YA 3: MPUNGA, MCHELE NA WALI

Kijapani kimezisumbua mashine kwa muda mrefu, na vituko vyake vimechekesha watu wengi. Sababu ziko wazi.

Kwanza, Kijapani huandikwa bila kuacha nafasi kati ya maneno. Mashine inabidi kwanza ikisie neno linaishia wapi.

Pili, Mjapani mara nyingi hamtaji mtendaji. Anasema "kunywa" tu katika hali ya kuwa kumefanyika, na msikilizaji anajua ni nani. Kiswahili chetu kina kiambishi: nimekunywa, umekunywa, amekunywa. Mashine ikikosa mtendaji inachagua mmoja kichwani mwake. Sasa swali la nesi: ni mama aliyekunywa dawa au ni mtoto?

Tatu, na hili mlishike: kitenzi cha Kijapani kinakaa mwisho wa sentensi, na kukanusha kunafuata nyuma yake. Sisi tunaanza na "usi", mtu anajua mapema kwamba anakatazwa. Wao katazo linakuja mkiani. Ukipiga picha ya lebo, mstari wa chini ukakatika, unaweza kubaki na "mpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja" huku ile "msi" ikiwa imebaki nje ya picha.

Lakini kuna jambo jingine linalonisikitisha zaidi kuliko hayo. Kijapani na Kiswahili vina mambo mengi yanayofanana kuliko unavyodhani, ila haviongei moja kwa moja. Mifano ya Kijapani na Kiswahili iliyoandikwa pamoja ni michache sana. Kwa hiyo mashine kwa miaka mingi zimekuwa zikipitia njia ya katikati: Kijapani kinageuzwa Kiingereza, kisha Kiingereza kinageuzwa Kiswahili.

Angalia kinachopotea njiani. Sisi tuna mpunga shambani, mchele dukani, wali kwenye sahani. Mwingereza ana neno moja tu kwa vyote vitatu. Mjapani je? Anayo matatu kama sisi! Ine ni mpunga, kome ni mchele, gohan ni wali. Angekaa na bibi wa Bunda wangeelewana ndani ya dakika moja. Lakini wakipitia Kiingereza, mtoto wa Kijapani aliyekula wali anafika kwetu akiwa amekula mchele. Akina mama mnajua mtoto akila mchele ni habari nyingine, hapo tunaanza kuulizana habari za minyoo na upungufu wa damu.

Mfano wa pili. Mjapani akimkuta mwenzake anatoka kazini anamwambia otsukaresama. Kiingereza kinahangaika nalo, mara "asante kwa kazi nzuri", mara "kazi njema". Sisi tunalo, liko tayari, tena tunalitumia kila siku: pole na kazi! Na "pole" yetu nayo ikienda Kiingereza inageuka kuomba msamaha, kana kwamba wewe ndiye uliyemchosha.

Mfano wa tatu, mdogo wako wa kike. Mjapani ana neno lake, imouto. Sisi tunasema mdogo wangu. Ikipita kwa Mwingereza ukubwa na udogo unaachwa mlangoni, inafika "dada yangu". Umempandisha cheo mtu asiyestahili.

SEHEMU YA 4: VIJANA WA PARIS NA KONI YA BARABARANI

Sasa nani anazitengeneza programu hizi? Nyingi ni za makampuni makubwa. Ila kuna nyingine zinatengenezwa na watu wanaojitolea, na hizo zina historia tamu.

Wengi wenu mnaijua ile programu yenye picha ya koni ya rangi ya chungwa, kama zile za barabarani. Inaitwa VLC. Ukiwa na wimbo, mahubiri, katuni ya mtoto, hata faili lililokataa kwenye programu nyingine, koni inafungua. Ilianza mwaka 1996 kwa wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa. Walitaka mtandao wa kasi hosteli kwao, wakatafuta mradi wa kuutumia: kurusha video kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Koni nayo ilitokana na utundu wa wanafunzi, walikuwa wakizikusanya.

Mwaka 2001 chuo kilikubali kazi hiyo itolewe kama programu huria. Huria maana yake nini? Fikiria mapishi. Kuna mama anauza maandazi matamu lakini jinsi anavyoyapika ni siri yake. Mwingine anakupa andazi na karatasi ya vipimo juu, anakwambia ukapike, ukaongeze iliki ukipenda, ila na wewe ukimgawia mwenzio mpe na karatasi. Programu huria ni andazi pamoja na karatasi. Yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha, na kuitafsiri kwa lugha yake bila kuomba ruhusa.

Na ndivyo VLC ilivyofikia lugha nyingi duniani. Maandishi yake yanatafsiriwa na watu wa kawaida wanaojitolea, mmoja mmoja, usiku baada ya kazi. Jean-Baptiste Kempf, anayeongoza shirika la VideoLAN, amekataa fedha nyingi za watu waliotaka kuweka matangazo ndani yake. Januari 2025 walitangaza kuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 6. Siku hizo hizo wakaonyesha jambo jipya: VLC inasikiliza filamu, inaandika maneno yake chini na kuyatafsiri yenyewe, ndani ya kifaa chako, bila intaneti.

Mpaka hapo mnaona? Mchezeshaji wa muziki na mashine ya kutafsiri vimekutana ndani ya koni moja.

Na msidhani programu huria ni za nyimbo tu. Takwimu za kliniki, za chanjo na wajawazito, zinaingizwa kwenye mfumo unaoitwa DHIS2, ambao ni huria na kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Ukiona nesi anajaza rejista ile ndefu kabla hajakuhudumia, mvumilie, hesabu zake zinaishia huko.

SEHEMU YA 5: KISWAHILI KILIINGIAJE KWENYE MASHINE?

Sisi watu wa Mara tuna haki ya kuisimulia sehemu hii, kwa sababu mmoja wa watafsiri wakubwa wa Kiswahili ametoka kwetu, Butiama. Mwalimu Nyerere, katikati ya kazi za kuongoza nchi, alitafsiri tamthiliya mbili za Shakespeare. Ya kwanza ilitoka 1963, ya pili 1969. Ile ya pili kwa Kiingereza inamhusu mfanyabiashara wa mji wa Venice. Mashine leo ingeandika hivyo hivyo, mfanyabiashara wa Venice, na isingekuwa imekosea. Mwalimu akaandika Mabepari wa Venisi. Katika neno moja aliweka maoni yake yote kuhusu watu wanaofanya fedha kuwa mungu. Huo ni uamuzi wa mtu anayejua anaongea na nani. Mashine haina wa kuongea naye.

Kwenye kompyuta, kazi ilianza kimya kimya. Mwaka 2003 kamusi elezo huria ya Wikipedia ilifunguliwa kwa Kiswahili. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na Waswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia barua na kupigia hesabu, kwa Kiswahili. Hebu fikiria kazi ile. Hakuna mtu aliyekuwa ameamua kwamba faili lifunguliwe, lihifadhiwe au lifutwe. Walikaa wakabishana neno kwa neno. Leo unapoona "hifadhi" au "futa" kwenye simu yako unaona ni maneno ya kawaida tu, lakini kuna watu waliyatolea jasho.

Mwaka 2009 Google wakaongeza Kiswahili kwenye huduma yao ya kutafsiri. Mwaka 2019 watafiti vijana wa Afrika wakaanzisha Masakhane, jina la Kizulu lenye maana ya tunajenga pamoja, ili lugha za Afrika zisisubiri kuhurumiwa. Mwaka 2021 mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla ukapata fedha za kukusanya sauti za Kiswahili. Watu wa kawaida wanasoma sentensi kwenye simu, wengine wanasikiliza na kuthibitisha, na sauti zote zinatolewa bure kwa yeyote anayetaka kuifundisha mashine.

Juni 2024 Google waliongeza lugha 110 kwa mpigo. Ndugu zetu wa Rorya walifurahi, Kijaluo kikiwemo. Kijita, Kikurya na Kizanaki sikuviona kwenye orodha ile. Sababu ni ile ya sehemu ya 2: mifano. Bibi yangu anaongea maneno ambayo hayajaandikwa popote, na mashine haiwezi kula ambacho hakijapikwa.

SEHEMU YA 6: MASHINE IKIKOSA INAJAZA

Hii sehemu ndiyo ilinifanya niandike yote haya.

Mwaka 2022 ilitolewa programu huria moja inaitwa Whisper. Kazi yake ni kusikiliza sauti na kuandika, kwa lugha nyingi, Kijapani na Kiswahili zikiwemo. Ni nzuri kweli. Lakini watu wakagundua kituko. Ukiipa sauti ya Kijapani yenye ukimya, upepo au muziki mtupu, wakati mwingine inaandika kwa adabu kabisa: asanteni kwa kutazama.

Hakuna aliyesema hivyo! Ilijifunza kutokana na video nyingi za mtandaoni, na video nyingi mwishoni zinaaga kwa maneno hayo. Kwa hiyo ikikutana na ukimya, inaona bora iage.

Unacheka? Mimi nilicheka mpaka niliposoma utafiti uliotoka 2024 wa watafiti wa Marekani. Walipima maandishi ya programu hiyo, wakakuta karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti vimewekewa maneno ambayo hayakusemwa kabisa. Na kati ya hayo ya kubuni, asilimia 38 yalikuwa na maneno ya kuweza kumdhuru mtu. Wakati huo huo tayari kulikuwa na hospitali huko nje zinazotumia vifaa vilivyojengwa juu ya programu hiyo kuandika mazungumzo ya daktari na mgonjwa.

Asilimia 1 ni ndogo, ndiyo. Kwenye nyimbo sijali. Lakini wodini tunafundishwa kwamba kama hukusikia agizo la daktari vizuri, rudi ukaulize. Hujazi. Mashine haina aibu ya kujaza.

Kuna na kujaza kwingine kwa kimya zaidi. Kiswahili "yeye" haisemi mwanaume wala mwanamke. Kiingereza lazima kichague. Andika "yeye ni daktari, yeye ni nesi" uone: mara nyingi daktari anatoka mwanaume, nesi anatoka mwanamke. Hakuna aliyeiambia. Imejaza kutokana na mifano iliyokula. Mwaka 2018 Google walianza kulirekebisha jambo hili kwa Kituruki, kwa kuonyesha majibu mawili. Mabinti zetu wanaosoma sayansi pale Musoma mjini nao wanastahili kuonekana kwenye sentensi.

SEHEMU YA 7: SASA TURUDI KWENYE CHUPA YA DAWA

Nawapa mifano minne niliyokutana nayo kwenye tafsiri za simu mlizonitumia. Soma taratibu.

Wa kwanza: "Chukua kibao kimoja mara tatu kwa siku." Mashine imeona neno la Kiingereza la kidonge ambalo pia ni neno la kompyuta ndogo bapa, ikaleta kibao. Sasa kibao kwetu ni wimbo unaotamba, au ni kile cha shavuni, au ni cha kusukumia chapati. Na "chukua" siyo "meza". Mtu wa Mukendo anasema kidonge kimoja kutwa mara tatu, na kila bibi anaelewa.

Wa pili: saa. Maelezo ya Kiingereza yanasema dawa itolewe saa 8 asubuhi na saa 2 mchana kwa saa za kizungu. Kwetu hizo ni saa 2 asubuhi na saa 8 mchana. Simu inaacha namba vile vile, na mama anabaki na "saa 8 asubuhi", ambayo haipo. Mwingine anaamka usiku wa manane, mwingine anaruka dozi.

Wa tatu: "kila saa 8". Mashine inamaanisha kila baada ya masaa manane, yaani mara tatu kwa siku. Lakini mama anaweza kuelewa kila siku ikifika saa nane mchana, yaani mara moja. Mtoto mwenye nimonia akipewa dawa mara moja badala ya mara tatu, homa haisikii, wadudu wanazoea dawa, na tunakutana wodini hali ikiwa mbaya zaidi.

Wa nne: kijiko. Kiingereza kina kijiko cha chai, mililita 5, na kijiko kikubwa, mililita 15. Tafsiri ikiandika "kijiko" tu, tofauti ni mara tatu. Kwa dawa ya homa yenye paracetamol, kuzidisha mara tatu siku mbili tatu mfululizo ni kulichezea ini la mtoto.

Kwa hiyo, mama, fuata haya:

1. Tumia tafsiri ya simu kujua dawa INAHUSU nini. Usiitumie kujua KIASI wala SAA.

2. Dawa isiyo na maelezo ya Kiswahili wala Kiingereza, ipeleke na kifungashio chake kwa mfamasia au kituo cha afya. Usipeleke picha iliyokatika.

3. Ukipiga picha, piga lebo nzima mpaka mstari wa mwisho. Kumbuka katazo la Kijapani liko mkiani.

4. Muulize mtoa dawa akutajie kwa mdomo: kiasi gani, kutwa mara ngapi, siku ngapi. Kisha wewe mrudishie kwa maneno yako. Mkifanana, nenda nyumbani.

5. Pima kwa kikombe au bomba la dawa lililokuja na chupa. Kijiko cha jikoni kiache jikoni.

6. Saa ziandike wewe mwenyewe kwa Kiswahili juu ya boksi: asubuhi, mchana, usiku.

Ukimpa mtoto dawa kisha akalegea, akatapika sana, akashindwa kunyonya au akapumua kwa shida, usiandike inbox. Mbebe na boksi la dawa uende kituo cha karibu saa hiyo hiyo.

La mwisho. Sijaandika haya ili mziogope simu. Mimi natumia tafsiri, nasikiliza nyimbo kwenye koni, na ningependa sana siku moja mashine iseme "kutwa mara tatu" bila kufundishwa na nesi. Lakini itasema pale tu ambapo sisi tutakuwa tumeandika. Kila mama anayeandika Kiswahili kizuri mtandaoni, kila kijana anayesoma sentensi tano kwenye Common Voice, kila mjukuu anayeandika maneno ya bibi ya Kijita au Kikurya kwenye daftari, anaongeza mfano mmoja kwenye chungu. Wajapani walianza mapema wakati mashine ilikuwa inachekesha. Leo redio ya gari lao inasomeka Mukendo.

Wiki ijayo naanza mfululizo wa homa ya manjano kwa watoto wachanga, mniandikie maswali mapema. Mtumie mwenzako mwenye mtoto mdogo. Usiku mwema, na poleni na kazi.